Upendo Asiokuwa Nao

Wanawake wa kanisani walimwita Chuma, naye hakulikataa jina hilo. Alishona sare za shule sebuleni kwake, mume wake alikuwa dereva wa lori asiyekaa nyumbani, na katika miaka yote ya ndoa hakuna aliyewahi kumsikia akisema amechoka. Mama mkwe wake alipopooza upande mmoja, na mawifi walipoanza kutegeana, Chuma alisema, "Mleteni kwangu. Nitamweza."

Chumba cha kukatia vitambaa kikawa cha mgonjwa. Kila asubuhi, kabla ya kuingia na beseni, Chuma alisali haraka haraka, kama mtu anayeaga mlangoni: "Bwana, leo sitamjibu." Kisha aliingia kupambana kwa nguvu zake mwenyewe.

Bibi huyo alikuwa amepooza mkono na mguu, si ulimi.

"Supu hii," alisema akionja, "kuku alipita tu kuisalimia."

Chuma alitabasamu kwa meno. Alimgeuza, akambadilishia shuka, akamfuta mdomo, bila neno. Jioni alijihesabia ushindi. Lakini sindano za cherehani zilikuwa zinamkatikia ovyo.

Siku moja, shuka safi zikiwa ndiyo kwanza zimetandikwa, mama mkwe akazilowesha tena. Badala ya kuomba radhi akasema, "Mwanangu angeoa mwanamke, nisingelala kwenye maji."

Chuma akalibwaga beseni chini. "Basi kufa upesi, sote tupumzike!"

Maji yalitambaa mpaka chini ya kitanda. Mama mkwe akageuzia uso ukutani.

Chuma akarudi kwenye cherehani, akashona mkono wa shati ndani nje. Alitaka kuapa kwamba kesho atajitahidi zaidi. Lakini hakuapa. Alishaapa mara nyingi mno, na alijua kesho ingekuwa kama leo. Akazima cherehani, akainamia lile rundo la mashati.

"Bwana," alisema, "simpendi. Nimeigiza mpaka nimeishiwa. Kama kuna wa kumpenda ndani ya nyumba hii, ni wewe. Mimi sina."

Hakusikia sauti yoyote, wala mwili haukumsisimka. Mtaani mtu alikuwa anagonga bati. Ila hakuwa tena na jina la kulinda, na hilo lilimpa wepesi wa ajabu. Akampigia simu wifi yake mkubwa.

"Wifi, nimeshindwa. Njoo unisaidie kumtunza mama."

"Wewe?" Wifi alishangaa. "Siku zote tulidhani hututaki huko. Nakuja."

Kisha Chuma akaingia chumbani, akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji. "Mama, nimekukosea. Nisamehe." Hakuongeza neno "lakini," ingawa lilikuwa limeshafika ulimini.

Mama mkwe hakugeuka; macho yake yalibaki ukutani.

"Unajua kinachonikera?" alisema. "Najikojolea kama mtoto, nawe unanigeuza kimya kimya kama unayepiga pasi suruali. Bora leo umepiga kelele. Nimejua kuna mtu humu ndani." Akavuta pumzi. "Naogopa, mwanangu."

Hakuwahi kumwita hivyo.

Haikuwa kwamba mambo yalinyooka papo hapo. Wifi alikuja, na mara nyingine hakuja. Ulimi wa bibi uliendelea kukata, na zipo siku Chuma alijibu, akarudi kuomba msamaha. Sala yake ya asubuhi ilifupika: "Bwana, sina. Nipe." Aliisema akiwa ameshika kitasa, na mara nyingine tena katikati ya kubadilisha shuka.

Hakujua ni lini hasa kitu kilibadilika. Alasiri moja alikuwa anampaka mafuta miguuni, bibi akilalamika kwamba anasuguliwa kama sufuria, na Chuma akajikuta anacheka, kicheko cha kweli, bila kujilazimisha. Bibi naye akacheka, kwa ule upande wa mdomo uliobaki na nguvu, kisha akasinzia. Sare za watu zilikuwa zinasubiri sebuleni. Chuma akabaki ameketi ukingoni mwa kitanda, ule mguu mwembamba ukiwa mapajani mwake, kwa sababu tu hakutaka kuondoka.