Mkate Wenye Pengo

Mjukuu wangu Saltanat alipiga simu Jumatatu asubuhi nikiwa nakamua ng'ombe, nikaibana simu begani. Alikuwa amerudi kutoka Urusi alikofanya kazi miaka minne, na pale mjini Bishkek alikuwa amenunua gari.

"Bibi, ile safari niliyowaahidi imefika. Nawachukua wewe na Bibi Kalipa, tulizunguke ziwa lote la Issyk-Kul, tulale popote tutakapochokea. Sasa niambie, nianze kusimama wapi?"

"Kwangu."

"Lakini Kochkor iko njiani, Bibi. Nitapita mlangoni kabisa kwa Bibi Kalipa. Wewe uko huko juu At-Bashy, nikija kwako itabidi nirudi tena njia ileile kwenda ziwani."

"Pita. Wala usigeuze shingo."

Akacheka. Mimi sikuwa nacheka.

Kalipa ni mama mzazi wa mke wa mwanangu. Kwetu wawili wa namna hiyo huitana kudagi, hupeana zawadi na kusifiana vitambaa vya kichwa. Saltanat alisomea kwake miaka saba kwa sababu shule ya Kochkor ilikuwa nzuri. Miaka saba amelala kwenye godoro la Kalipa na kula samli ya Kalipa. Likizo akija kwangu, nikimmiminia chai, alikuwa anasema, "Bibi Kalipa huanza na maziwa." Nikaanza na maziwa. Akasema, "Ila yeye huyachemsha." Na ziwa lenyewe Kalipa ameliona mara tano. Mimi hata mara moja.

"Umesahau mkate?" nikamwambia kwenye simu.

Mtu akienda mbali huuma mkate mara moja, unaobaki unatundikwa ukutani mpaka arudi aumalize. Saltanat aliuma miwili.

"Wangu uliuuma Jumanne, wa Kalipa Jumatano. Wa kwanza kuumwa ndio wa kwanza kumalizwa."

"Haya, Bibi, umenishinda."

Kushinda nilishinda, ila mkate wenyewe haukuwepo. Majira ya baridi ya mwaka wa pili panya waliupanda msumari nilioutundikia, juu ya jiko, wakatoboa mfuko wake, wakaniachia chengachenga. Sikumwambia mtu. Kalipa angejua ningeificha wapi sura yangu? Mwanamke yule hata chumvi anaifunika kitambaa! Basi nikaoka mwingine, nikauuma mwenyewe, nikautundika palepale kwenye mfuko mpya.

Jumatano mchana gari likaingia uani, la rangi ya fedha, vumbi mpaka kwenye taa. Nikafunga kitambaa cheupe cha baraka kwenye kioo chake cha pembeni na kumbusu mjukuu wangu kila upande. Hata chai hakuisubiri. Akanyoosha mkono kwenye msumari, akautoa mkate, akausogeza dirishani penye mwanga. Akauweka mdomoni, akautoa.

"Bibi, mimi nina meno yote."

"Miaka minne ni mingi. Mkate husinyaa."

"Husinyaa ukaota pengo katikati?"

Nikafunga mdomo.

"Hebu cheka, Bibi."

"Nina la kucheka?"

"Kidogo tu."

Simu yake ikalia mezani. Kalipa huyo, na sauti yake haihitaji simu.

"Saltanat! Mke wa muuza petroli wa hapa kaniambia kapita msichana kama wewe, kajifunika kofia mpaka puani. Kofia ndani ya gari, mwanangu?"

Saltanat akawa mwekundu masikio. "Bibi Kalipa, kesho asubuhi niko kwako."

"Umeanza kwa Burul." Hakuwa anauliza. "Haya. Mkate wako upo." Akakata.

"Ni panya," nikasema, nikamweleza yote, na msumari, na mfuko. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaumega mkate palepale penye pengo langu, akachovya kwenye chai, akala.

Kesho yake nilikaa mbele saa zote tatu za njia. Kalipa alikuwa ameshasimama getini na kitambaa kipya cha bluu. Saltanat alimkumbatia, akakaa amemkumbatia, nami nikahesabu mbuzi wa jirani. Tulipoketi, Kalipa akaleta mkate ndani ya kitambaa cheupe. Ulikuwa wa kijivu, mgumu kama tofali, na pembeni palikuwa na alama ya meno ya Saltanat, pamoja na lile chonge lake lililokaa upande, kana kwamba ameuma jana. Miaka minne, na hakuna panya aliyeugusa.

"Na wako, kudagi?" Kalipa akaniuliza taratibu. "Ulisalimika?"

Nikajishughulisha na fundo la kitambaa changu.

"Wa Bibi Burul ulikuwa laini kuliko huu," Saltanat akasema, shavu limejaa, anatafuna kwa taabu.

"Laini? Miaka minne?"

"Laini kabisa, Bibi."

Uso wa Kalipa ukaanguka. Akaushika mkate wake, akaubonyeza kwa kidole gumba, haukubonyea. "Uliuwekaje, kudagi?"

"Ni mkono tu," nikasema.

Siku zote nilitaka kumwona anatazama hivyo. Ila mtazamo ule ninaufahamu, huwa ninauona kwenye kioo changu, na sikuupenda.

Tulipotoka kwenda ziwani, Kalipa alisimama karibu na mlango wa nyuma wa gari, kakumbatia bakuli la mayai ya kuchemsha. Nikamfungulia wa mbele.

"Kaa hapa, kudagi."

"Kweli?"

"Mpaka bwawa la Orto-Tokoy tu. Kutoka hapo tunabadilishana. Ziwa nataka nilione mimi kwanza."