Kwa Waliochelewa Kufika

Kwenye saluni ya shangazi yangu mimi huitwa Redio, na sijawahi kulikataa jina hilo. Kusuka rasta ndogo ndogo ni kazi ya nusu siku. Shingo ya mteja inapinda, miguu inakufa ganzi, na akichoka huanza kuuliza, "Bado?" Dawa yangu ni hadithi. Naianza nikigawanya nywele za kwanza na kuimaliza nikichovya ncha kwenye maji ya moto. Mteja wangu haulizi kama bado. Anauliza, "Halafu?"

Mwaka huu nilitaka hadithi zangu zitoke kwenye vichwa vya watu ziingie kwenye karatasi. Maktaba ya mji wetu ilikuwa imetangaza mafunzo ya waandishi chipukizi: kila Jumatano mchana, mwaka mzima, pamoja na mhariri wa vitabu, na mwishoni hadithi za darasa zingechapishwa katika kitabu kimoja. Sharti lilikuwa usiwe umewahi kutoa kitabu, na utume hadithi isiyozidi kurasa kumi. Nikasema nafasi hiyo ni yangu, imepotea njia tu, acha niende kuichukua.

Kabla ya siku ya mwisho ya maombi, mhariri mwenyewe alikaa maktabani kuzungumza na waombaji, mmoja mmoja. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti nyembamba, na penseli aliichomeka kwenye nywele kama kitana. Nilimpa hadithi yangu. Ilimhusu mke anayegundua kwamba viti vya sebuleni vinapungua, kimoja kimoja, na mumewe ana sababu kwa kila kiti.

Ukurasa wa kwanza alicheka mpaka mabega yakatikisika. Nikaanza kuwaza nitavaa nini Jumatano. Ukurasa wa tatu akaacha kucheka.

"Binti, nani huyu anayeingia kila mara?"

"Anayeingia wapi, mama?"

"Humu kwenye hadithi. Hapa unasema, 'Basi kama mnavyokumbuka, viti vilikuwa sita.' Geuza ukurasa: 'Yule mume, ambaye tumeshaona ni mwongo.' Na hapa tena. Kila nikishika mwendo unanisimamisha, unamsalimia mtu ambaye mimi simwoni."

Mimi nilimwona. Saluni haina mwanzo wala mwisho, mlango unafunguka muda wowote, mtu anakuja kuoshwa nywele, mwingine anasubiri zamu, na kila anayeketi anauliza, "Mmefika wapi?" Nami namrudishia kidogo ili asiachwe nyuma. Nimezoea hivyo kiasi kwamba hata nilipokuwa peke yangu mbele ya kompyuta, niliendelea kuwahudumia watu ambao hawajafika.

"Mfukuze," mhariri alisema. "Ukimfukuza utapata nafasi ya mwisho wako. Huu hapa umeubana kwenye aya moja kama nguo kwenye begi lisilofungika. Msomaji mwachie kazi kidogo. Akiifanya mwenyewe, haweki kitabu chini. Kisha soma kwa sauti mbele ya watu wasiokuogopa, halafu ulete. Tunafunga Jumamosi jioni."

Watu wasioniogopa ninao wa kugawa.

Jumamosi nilimfuata Shangazi akiwa katikati ya kichwa cha mteja wake, nesi wa zahanati ya jirani.

"Shangazi, naomba tufunge mlango nisome hadithi yangu."

"Tufunge nini?"

"Mlango. Mtu akiingia nitarudia mwanzo. Najijua."

"Jamani, mtoto wa kaka yangu amerukwa na akili. Jumamosi!" Akaielekezea kitana stashahada yangu, aliyoitundika yeye mwenyewe juu ya draya. "Ile karatasi ndiyo iliyokufundisha kufunga biashara za watu?"

"Ile ilinifundisha kuandika taarifa za mikutano. Hii najifunza mwenyewe, na leo ndiyo siku ya mwisho."

Nesi alikohoa. "Mwache asome, dada. Mimi mwenyewe siendi popote, kichwa changu kiko nusu."

Shangazi alizungusha ufunguo huku akisonya. "Soma. Na isipochekesha, sakafu ni yako mwezi mzima."

Akazima draya ili waliokaa chini yake wasikie. Binamu yangu, anayeosha nywele, akaketi juu ya ndoo. Nikawaambia anayechoka aseme.

Hawakungoja kuambiwa mara mbili.

"Basi kama mnavyokumbuka..."

"Tunakumbuka!" Nesi alidakia. "Tuko hapa hapa, tungeenda wapi?"

Nikaikata sentensi kwa kalamu. Mbele kidogo nikamkumbusha msikilizaji kwamba mume ni mwongo.

"Redio, unatuona wajinga?" binamu aliuliza.

"Lakini sikieni sentensi yenyewe ilivyo nzuri!"

"Nzuri, ndiyo," Shangazi alisema. "Hata kucha zako zile ndefu zilikuwa nzuri. Ulikuwa unaweza kusuka nazo?"

Nikaikata. Iliniuma, lakini nikaikata.

Hapo mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Mapacha, mteja mkubwa kuliko wote, anayekuja na dada zake, mawifi zake na marafiki wa mawifi zake. Mkono wa Shangazi ulikwenda wenyewe kwenye ufunguo, bila kutumwa.

"Shangazi, usifungue, nakuomba."

"Huyu? Huyu ndiye Jumamosi yenyewe!"

"Akiingia nitarudia. Nikirudia nimeharibu."

Alinitazama, akautazama mlango, akanitazama tena. Kisha akaenda kufungua dirisha. "Mama Mapacha, mpenzi, simama hapo kidogo. Kuna kitu tunasikiliza. Usiulize chochote."

"Nimechelewa kidogo tu, ndiyo mnanifungia nje kama mwizi?"

Lakini akasimama, mkoba kwapani, uso kwenye nondo za dirisha.

Ulimi uliniwasha. Nilitaka kumwambia: kuna mke, kuna mume, viti vilikuwa sita. Niliung'ata nikaendelea mahali nilipokuwa. Mke anakula amesimama. Mume anamsifu, eti kusimama ni dawa ya mgongo. Mgeni anapiga hodi, na mume anatoka mbio kumpokea uani, asije akaingia akakosa pa kuketi.

Mama Mapacha akazishika nondo. Kisha:

"Ha! Mwanamume huyo anahamisha viti! Ana nyumba nyingine, na huko wanakaa vizuri!"

Saluni ililipuka. "Ee! Ndiyo!" Nesi alipiga paja. "Mbona mimi sikuona?"

Nilisimama na karatasi mkononi. Mtu ambaye hakusikia mwanzo alikuwa ametukuta, akatupita. Na alikuwa amekosea! Viti vilikuwa vinakwenda kwenye darasa la jioni, ambako mume alikuwa anajifunza kusoma kwa siri na wenzake waliokaa sakafuni. Lakini alikosea mahali pale pale nilipotaka akosee, bila mimi kumshika mkono.

"Nimepatia?" Mama Mapacha aliuliza.

"Sikwambii," nilimjibu, na sijawahi kujibu kitu kwa raha kama ile.

"Basi fungueni! Sisukwi na mtu mpaka nijue."

Alifunguliwa, akasikia mwisho, akalia kidogo, akakana kwamba amelia. Mimi nikaenda kuketi nyuma, karibu na beseni la kuoshea nywele, nikawafukuza wote waliochelewa, ukurasa kwa ukurasa. Mwisho wangu ukapata nafasi ya kunyoosha miguu: mke anaingia darasani, anamkuta mumewe amesimama ubaoni, na anaketi kwenye kiti chake mwenyewe. Nikaituma hadithi jua halijazama.

Jibu lilikuja wiki kadhaa baadaye, mikono yangu ikiwa imejaa mafuta, ndani ya nywele za Nesi. Shangazi aliichukua simu, akavaa miwani.

"'Tunakushukuru kwa kututumia hadithi yako.' Hm. Mtu anayeanza na shukrani..."

"Shangazi, endelea!"

"'Maombi yalikuwa mengi kuliko nafasi zilizopo.' Unaona? Nilisema."

"Endelea!"

"Usinipigie kelele, herufi zenyewe ni ndogo. 'Hata hivyo...'" Akavua miwani. "Jumatano nani atakuwa anasuka hapa?"

Nilitaka kuruka. Lakini nilikuwa nimeshika kichwa cha mtu, kwa hiyo tuliruka wote wawili.