Magurudumu ya Kukodi

Kazini walimwita Mama Meno, ingawa hakuwa mama wa mtu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akitengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki, yeye na taa yake, nta yake na plasta yake. Daktari aliwajua wagonjwa kwa sura na majina. Yeye alizijua taya zao tu. Huenda barabarani walikuwa wakimchekea kwa meno aliyoyachonga mwenyewe, na asijue.

Kuogelea alianza kwa sababu ya mgongo. Baiskeli ikafuata, kisha mbio, na alipofikisha miaka arobaini na saba akajikuta amejiandikisha kwenye mashindano ya michezo mitatu: kuogelea ziwani, kuendesha baiskeli kilomita arobaini, kisha kukimbia kumi. Hakumwambia mtu. Si kwamba alificha. Hakuwepo wa kuambiwa. Mama yake alifariki miaka miwili nyuma, na mdogo wake wa kike, ambaye ndiye pekee aliyebaki, walinuniana naye siku ile ile ya kugawana vyombo vya marehemu.

Baiskeli yake ilikuwa nzima, ila magurudumu yalikuwa mazito kama ya mkokoteni. Ndipo akaenda kwa Spoku.

Spoku alikuwa fundi mrefu, mkavu, mwenye ndevu zenye mvi, na jina hilo alipewa na wateja kwa wembamba wake, kama vile vijiti vyembamba vya ndani ya gurudumu. Duka lake lilibanwa kati ya duka la rangi na kinyozi, na magurudumu ya mashindano yalining'inia darini, meusi, mepesi, ya kukodishwa kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Alimshushia jozi moja.

"Mara ya kwanza, dada?"

"Inaonekana?"

"Umelishika kama umepewa mtoto wa watu."

Mama Meno akacheka, akashtuka kusikia kicheko chake mwenyewe. Spoku akayafunga magurudumu, akabadilisha mipira ya breki, akazungusha la mbele huku ameinamisha sikio.

"Haya yana kuta pana," alisema. "Upepo wa mbele yanaupasua. Wa ubavuni unayasukuma kama mlango. Ukikupiga, usikaze mikono. Ukikaza tu, umekwisha."

"Nitakumbuka, fundi."

"Wote husema hivyo."

Jioni akakaa mezani kumalizia fomu ya mashindano kwenye simu. Umri, sawa. Kundi la damu, sawa. Kisha kikaja kisanduku cha mtu wa kupigiwa simu likitokea la kutokea. Akaandika "hakuna". Kisanduku kikawa chekundu, kilitaka namba. Akaitafuta namba ya mdogo wake, akaitazama mpaka kioo kikazima. Mbele yake, karibu na kikombe, palikuwa na risiti ya Spoku yenye namba ya duka. Akaijaza hiyo. Fomu ikauliza ni nani wake. Akachagua "ndugu", akabonyeza kutuma haraka haraka, kama mtu aliyedokoa nyama jikoni.

Asubuhi ya mashindano, ufukwe wa ziwa ulikuwa umejaa watu na watu wao. Waume walishika mataulo, watoto walishika mabango, mama mmoja alikuwa akimpaka mwanawe mafuta mgongoni. Mama Meno alijipaka alipofikia, pasipofikika akapaacha. Filimbi ikalia, wakaingia majini, na huko majini hakuna aliye na mtu, akaogelea vizuri.

Alipotoka akapanda baiskeli, akajua kwa nini watu hukodi. Magurudumu yalikuwa yakivuma chini yake kwa sauti nene, na barabara ilikuwa ikija yenyewe. Aliwapita wanaume wawili. Kilomita ya kumi, ya kumi na tano, ya ishirini. Hakukumbuka ni lini mwili wake ulimpendeza kiasi hicho. Alitamani amgeukie mtu aseme, "Umeona?"

Darajani upepo ukampiga ubavuni. Akakumbuka maneno ya fundi neno kwa neno, na mikono ikakaza vilevile.

Katika hema la huduma ya kwanza muuguzi kijana alimfunga mkono kifuani. Mtulinga ulikuwa umevunjika, ule mfupa wa chini ya shingo.

"Pole, mama. Tumeshampigia ndugu yako. Yuko njiani."

"Ndugu gani?" Kisha akaikumbuka fomu. "Hapana, dada, mpigie tena, mwambie asije. Yule si..."

"Amesema tusikuache peke yako mpaka afike."

Saa mbili baadaye Spoku alifika na pikapu yake, bado amevaa aproni yenye grisi. Mama Meno alitamani ardhi ipasuke.

"Gurudumu la mbele limepasuka, fundi. Nitalilipa. Na ile namba, nisamehe, fomu ilikuwa inalazimisha."

"Gurudumu nimeliona," alisema Spoku. "Wewe unaweza kutembea?"

Wakapanda pikapu, wakaondoka. Kila shimo lilimtoa machozi, na Spoku akaanza kuyakwepa kama aliyebeba mayai. Karibu na mji, macho yakiwa barabarani, akasema, "Yule binti aliniuliza kama mimi ni ndugu yako. Nikaona nikikataa atakata simu, nawe utabaki hapo." Akakwepa shimo jingine. "Halafu simu ya dukani hulia kwa ajili ya magurudumu tu. Hii ilikuwa ya mtu."

Alimfikisha mpaka mlangoni, akasimama na mikono nyuma, hakujua kama aingie. Naye hakujua kama amkaribishe. Wakaagana.

Ndani, alijaribu kuvua ile nguo ya mashindano iliyombana, yenye zipu mgongoni. Mkono mmoja haukufika. Alijaribu akiwa amesimama, akajaribu akiwa ameegemea ukuta. Kwa majirani kulikuwa na mpira kwenye televisheni, na watu wengi walipiga kelele kwa pamoja. Mwishowe akachukua mkasi wa jikoni, akaikata kuanzia kifuani hadi tumboni, akakaa kitandani na vipande vyake, akalia. Maumivu ya bega hayakuwa na sehemu kubwa katika kilio kile.

Kliniki ilimpa likizo ya wiki sita. Jumatano ya kwanza Spoku alileta begi la Mama Meno lililosahaulika kwenye pikapu. Walikunywa chai. Spoku aliosha vikombe bila kuombwa, akaondoka. Jumatano ya pili alikuja bila sababu ya kutaja, akakaza bawaba ya kabati iliyokuwa imelegea. Jumatano ya tatu Mama Meno alipanga vikombe viwili tangu saa tisa. Hakuja. Ya nne pia hakuja, na chai ikapoa, akaimwaga.

Kesho yake alivaa kanga juu ya bandeji, akaenda dukani kwa miguu, polepole. Moyoni alikuwa ameandaa maneno ya kulipa gurudumu, ili awe na sababu. Spoku alikuwa amemwinamia mteja akimpimia kiti cha baiskeli. Alipoinua kichwa, uso wake ulibadilika.

"Nilidhani umenichoka," Mama Meno alisema, na yale maneno mengine yote yakamtoroka.

"Mimi? Nilidhani umepona."

Mteja akawatazama, akageukia baiskeli yake. Spoku akavuta kigoda kwa mguu, akakipangusa vumbi kwa aproni.

"Kaa, dada. Nimalizane na huyu."

Akakaa. Wateja waliingia na kutoka, na hakuna aliyemuuliza anasubiri nini.