Anaendelea Vizuri

FOMU YA MWANAFUNZI MLEZI: WIKI YA TATU
(Ijazwe baada ya kuonana ana kwa ana na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza uliyekabidhiwa.)

Mlezi: Atupele Mwasomola, mwaka wa tatu
Mwanafunzi: Sayi Lugembe, mwaka wa kwanza
Mmeonana wiki hii? *Ndiyo.*
Amesajili kozi zake zote kwenye mfumo? *Ndiyo.*
Hali yake kwa jumla: *Anaendelea vizuri.*

1.

Uongo.

Uongo.

Na hilo la tatu Atupele hakuwa na habari nalo.

2.

Usimhukumu upesi, msomaji. Nami nilitaka kumhukumu, nikashindwa.

Alikabidhiwa watano. Wanne walikuwa watoto hasa, wa kupotea wakitafuta maktaba huku wamesimama mbele yake. Aliwapenda tangu siku ya kwanza. Wa tano alikuja na shati la mikono mirefu lililonyooshwa pasi, kalamu mbili mfukoni, na mvi. Miaka arobaini na mmoja. Mwalimu wa shule ya msingi kutoka Maswa, aliyeomba ruhusa ya masomo mara nne ndipo akapewa.

Atupele ana miaka ishirini na miwili. Akafanya alivyolelewa kwao Tukuyu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Hujambo?"

Hapo ndipo kazi ilipoharibika.

3.

KUTOKA KWENYE MWONGOZO: MASWALI YA LAZIMA

Umepata kitanda?
Unakula vizuri?
Ni somo gani linakushinda?
Umewahi kulia tangu ufike?
Nionyeshe kwenye simu yako kozi ulizosajili.

Sasa jaribu wewe. Mwamkie mtu shikamoo, halafu muulize kama amelia.

4.

Wale wanne aliwauliza yote. Mmoja alilia palepale, akatafutiwa leso. Zamu ya Mwalimu ilipofika, Atupele alitazama viatu vyake mwenyewe.

"Wewe Mwalimu, nadhani uko sawa."

"Niko sawa, binti."

Tiki.

Wiki ya pili alituma ujumbe kwenye kundi la simu. Mwalimu akajibu: *Nimepokea. Ahsante.* Tiki. Wiki ya tatu hakujibu kitu. Tiki. Kwani mtu mzima hajui mambo yake? Amefundisha watu kusoma, atashindwa kusajili kozi? Atupele alijiambia hivyo na akaona anaonyesha heshima. Ukweli ni kwamba alikuwa anaona haya, na haya zikavaa nguo za heshima.

5.

Wiki ya sita, saa tatu asubuhi, mlango wa chumba cha jaribio la kwanza. Sauti za foleni, kisha ya msimamizi:

"Sogea basi."

"Umesoma ile mada ya nne?"

"Mimi nimeingia na Mungu wangu tu."

"Mzee, jina lako halipo."

"Angalia tena, mwanangu. Lugembe. Kwa L."

"Halipo. Hata namba yako mfumo hauitambui."

"Nimekaa darasa hili wiki sita. Mbele kabisa."

"Nakuamini, mzee. Naomba upishe wenzako."

6.

Mwalimu alikuwa amesajili, lakini kwa namna yake. Wiki ya kwanza alichukua karatasi nyeupe, akapiga mistari kwa rula, akaandika kozi zake sita kwa mwandiko ule wa ubaoni ambao hata mtoto wa darasa la kwanza angeusoma. Akaipeleka idarani. Kuna mtu alimwambia, "Weka hapo."

Akaweka hapo.

Karatasi bado iko hapo. Nzuri sana, na haina kazi yoyote.

Angeulizwa swali moja tu. Nionyeshe kwenye simu yako. Dakika tano zingetosha.

7.

TANGAZO
OFISI YA MSHAURI WA WANAFUNZI

Mwanafunzi ambaye kozi zake hazimo kwenye mfumo hadi wiki ya sita hatatambuliwa kuwa mwanafunzi wa mwaka huu. Atarejea nyumbani na kuomba nafasi upya.

Ikithibitika kwamba kosa ni la mwanafunzi mlezi, mwanafunzi atasajiliwa kwa kuchelewa, na mlezi atasimamishwa masomo kwa muhula mmoja.

Maelezo ya wawili hao yakitofautiana, yatafuatwa ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

8.

Sentensi hiyo ya mwisho Atupele ameisoma mara tisa.

Hakai. Anakaa, anasimama. Ameenda bombani kunywa maji, hana kiu. Amewapigia wale wanne, mmoja mmoja, kuwauliza kama wamekula, na wote wamekula, na wote wanashangaa. Maelezo yake ameshaandika. *Sikuonana naye. Nilijaza fomu kwa kubuni.* Yako ndani, kwenye meza ya Mshauri, na yamemtoka kwa uchungu kwa sababu mahafali ni Novemba na mama yake ameshashona nguo.

Lakini maelezo yake si kitu. Ya Mwalimu ndiyo yatakayofuatwa.

9.

Benchi la nje ya ofisi. Mwalimu ameketi wima, mikono magotini.

"Binti, usihangaike. Nitasema ulinielekeza vizuri, mimi nikapuuza."

"Mwalimu, usiseme hivyo."

"Nimefundisha miaka kumi na saba. Barua ya adhabu inamganda mtoto. Mimi sijawahi kumsababishia mtoto adhabu, na sitaanzia hapa."

"Ruhusa yako ikikatika?"

"Imekatika. Nitarudi darasani kwangu. Watoto wapo."

"Uliomba mara nne."

Mwalimu akaigusa kalamu mfukoni.

"Mimi nitakaa nyumbani muhula mmoja," Atupele akasema. "Nitafua, nitapika, nitasemwa na shangazi zangu wote, kisha nitarudi. Nina umri wa kurudi, Mwalimu. Wewe huna."

Maneno hayo yakatoka. Kwao Tukuyu angepigwa kofi kwa kumwambia mtu mzima hivyo. Mwalimu alimgeukia taratibu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeumia hasa.

"Hivyo ndivyo unavyoniona?"

"Ndiyo." Neno hilo hakulirudisha. "Na mimi si mtoto wako. Mimi ni mlezi wako. Nilitakiwa kukuuliza, nikaogopa. Naomba uniache nibebe langu."

10.

"Lugembe. Ingia."

Aliinuka, akanyoosha shati. Hakumtazama.

Mlango haukufungwa vizuri. Kwenye ufa Atupele aliona meza, karatasi, na mkono wa Mwalimu ukiandika haraka, mwandiko uleule mkubwa. Ukafika mahali, ukasimama. Mshauri akakohoa. Mkono haukusogea. Atupele akashika ukuta, na kama angeweza kuusukuma mkono ule kwa macho angeusukuma.

MAELEZO YA MWANAFUNZI WA MWAKA WA KWANZA
(Andika kwa mkono wako. Usisaidiwe.)

Mimi, Sayi Lugembe, naeleza kwa hiari yangu kwamba mwanafunzi mlezi wangu, Atupele Mwasomola,