Mfaransa Aliyekaa Baada ya Udi

Chetezo kilikwisha kumpita mara mbili mbele ya pua, na yule Mfaransa bado kaketi. Looh! Kwetu Ibra, Omani, hata mtoto anajua: udi ukiletwa, mgeni hutafuta viatu vyake. Sikujua niitazame mikono yangu au mlango.

Alikuwa mwandishi wa riwaya za mauaji, nami mkalimani wake tangu Nizwa. Bibi yangu Badriya alimpendea filamu. Bibi alikulia Unguja, akienda sinema siku ya wanawake kutazama majambazi wa kofia na mvua isiyokatika. Kumbe filamu zizo hizo ndizo zilizomlea na huyu. Zaidi ya hizo, alisema, alifunzwa na saksafoni ya kaka yake na bucha la mama yake.

"Na muuaji humpataje?" Bibi akauliza.

"Simtafuti muuaji. Namtafuta aliyejua akanyamaza."

Nikatafsiri. Hapo ndipo Bibi alipoinuka kuwasha udi.

Nilimjua. Kila baba yangu alipouliza nani alimwita baba yake, Babu Tamim, nje kule Unguja, mwaka ule wa sitini na nne, asirudi tena, Bibi aliwasha udi, nasi tukaondoka kwa adabu. Baba kafa na swali lake. Nikalirithi mimi, likaninyima raha.

Lakini Mfaransa hakujua. Aliuvuta moshi, akashukuru, akaomba kahawa nyengine. Bibi akamtazama, akacheka kicheko kikavu, akaweka chetezo chini.

"Huyu hafukuziki. Basi sikiliza, Fawziya. Aliyebisha hodi alikuwa Musallam."

Babu Musallam! Nduguye Tamim, aliyemwoa Bibi baada ya eda, akaileta familia huku, akamlea baba yangu, akanisomesha mimi Kurani. Alikuwa chumba cha pili, mgonjwa, tukimsikia anakohoa.

"Watu wa mapinduzi walimshikia bunduki wakamwambia, mwite. Tamim angemfungulia nani mwengine? Sauti niliijua, mwanangu. Nami nina baba yako tumboni. Nani mwengine angetuvusha bahari?"

Nilitaka kulia, nikashindwa. Nilitaka kumchukia mtu, nikamkosa. Chumba cha pili kikohozi kikaanza upya, na Bibi akageuza uso kukisikiliza.

Mfaransa alinisogelea, macho yanamwaka.

"Kasema nini?"

Udi ulikuwa bado unafuka.

"Anasema tumekawia," nikamjibu, nikamtangulia kwenye viatu.