Samaki Mwenye Miguu

Jua lenye macho mawili na meno sita lilikuwa limetoweka. Hakimu alisimama kando ya meza, mikono ikimdondoka maji ya kunawia, akalitafuta kwenye karatasi ndefu waliyoitandika kama kitambaa cha meza. Hakuliona. Pembe hadi pembe karatasi ilikuwa nyeupe pe, na juu ya weupe huo mjomba wake alikuwa akipiga mistari kwa rula huku akipiga mluzi.

"Mjomba, michoro yetu iko wapi?"

"Nimeipaka nyeupe kwanza," akajibu bila kugeuka. "Michoro yenu ilikuwa imelewa, wanangu. Nyumba imelala chali, samaki ana miguu! Sasa mimi nachora mistari, nyinyi mnajaza rangi tu. Mtaona kitakachotoka hapa!"

Alikuwa mchora mabango, kijana asiyefundishwa na mtu. Herufi alijifunza mwenyewe kwa kukodolea macho milango ya maduka, na sasa nusu ya milango hiyo ilikuwa kazi ya mkono wake. Akiona mstari uliopinda alihisi kama mtu aliyetafuna mchanga. Kwenye kazi yake kibaya hufunikwa kwa rangi nyeupe, kikaanzwa upya. Watoto walipotoka kwenda kunawa, mkono ulikwisha kutenda kabla kichwa hakijaulizwa.

Aligeuka. Mdogo wake Hakimu waliyemwita Kinanda, kwa kuwa hata usingizini hakosi la kusema, alikuwa ameduwaa.

"Mama alisema meza ya sikukuu mwaka huu ni yetu," Hakimu alisema. Jina hilo alipewa na mama yake kwa jinsi anavyokata kesi za nyumba nzima, na sasa sauti yake ilikuwa ya kukata kesi. "Miaka miwili sikukuu zinamkuta kwenye zamu, anauguza watu. Leo anatoka saa saba, anakula na sisi. Tumemwahidi ataona tulivyochora wenyewe." Akaisukuma mbali kalamu iliyokuwa mezani. "Basi itakuwa meza yako. Sisi tutakaa kama wageni."

Mjomba aliweka rula chini. Hakuna aliyewahi kuikosoa kazi yake akaondoka bila kujibiwa. Lakini majibu yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya watu wazima. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika tano. Karatasi nyingine hakuna, maduka yamefungwa.

"Nimekosea," alisema.

Kinanda alikuwa akiichokoa ile rangi mbichi kwa kidole. Ghafla akapiga ukelele. "Jino! Dada, jino la jua hili hapa!"

Mchora mabango aliinama. Watoto walichora kwa kalamu za nta! Nta na rangi ya maji kama ile nyeupe havishikani, jambo analolijua hata anayeanza kazi leo. Miaka yote hiyo kwenye rangi, na hakulikumbuka.

"Leteni vitambaa! Vilowesheni, mviminye, mfute polepole kutoka..."

Hakimu aliinua kiganja. "Anayetoa amri hapa ni nani?"

"Ni wewe, mheshimiwa."

"Basi shika ndoo. Ukiona kimepinda, tazama kwingine."

Akashika ndoo. Watoto walifuta, na michoro ikajitokeza mmoja mmoja kama watu wanaotoka kwenye ukungu, rangi nyeupe ikibaki pembeni yake kama mawingu. Mkono ulimwasha mjomba kwa hamu ya kunyoosha mistari. Mara mbili alitazama dari. Mara ya tatu alisahau, akamwangalia samaki vizuri. Miguu yake ilikuwa ikitembea kuelekea kiti cha kichwani mwa meza, kiti cha mama. Nyumba nayo iliinamia huko. Maua, chungu, hata jua lenyewe, vyote vilikuwa vimeegemea upande mmoja. Kumbe havikulewa. Vilikuwa na safari.

Palibaki nafasi tupu mbele ya kiti hicho. Hakimu akampa mjomba kalamu nyekundu.

"Mchore mama. Kwa mkono wa kushoto."

"Wa kushoto mbona siwezi!"

"Ndiyo maana."

Saa saba na robo mama aliingia, viatu mkononi, uchovu umemjaa usoni. Aliizunguka meza taratibu. Alipomfikia samaki alicheka hadi akashika kiti. Kisha akafika mahali pake, akainama.

"Na hiki nacho? Birika au ndoo?"

"Ni wewe, mama!" Kinanda akalipuka.

"Mimi? Ni nani aliyenichora hivi?"

Mjomba alikuwa ameshika kalamu nyekundu, masikio yanamwaka. Hakimu alimvutia mama yake kiti.

"Usimcheke," alisema kwa upole. "Ndiyo kwanza anaanza."