Kadi Mpya ya Meneja

Mume wa kwanza wa Msusi alipoondoka alibeba kila alichokiona kina thamani: redio, godoro, jiko, hata pazia la sebuleni lenye tundu. Kompyuta aliiacha. Ilikuwa nzito, na mwenyewe alikuwa na haraka ya kufika kwa aliyekuwa akimngoja. Mtaa mzima ulikuja kumpa Msusi pole, na Msusi alizipokea zote kwa uso wa huzuni, huku moyoni akilipigia hesabu boksi lile jeusi lililobaki kwenye kona.

Ilikuwa kompyuta ya gemu, kubwa kama kabati la viatu, yenye kioo ubavuni ili watu wayaone matumbo yake. Enzi za ndoa hakuruhusiwa hata kuifuta vumbi. Alipobaki peke yake alijifunza kuiwasha, kisha kuifungua, kisha kuipenda. Aliiweka chumba cha mbele, palepale anaposukia wateja, na wateja wakipungua anakaa kuendesha malori. Ndiyo gemu yenyewe: unachukua mzigo mji huu, unaufikisha mji ule, njiani mvua, usingizi, na madereva wengine wasio na adabu. Wapo waliosema ni upuuzi kwa mwanamke wa umri wake. Hao hao walikuwa wakija kusukwa hata kama nywele hazijafumuka, mradi wakae nyuma yake na kupiga kelele, "Breki! Breki, dada!"

Sasa mashine ilikuwa imezeeka. Kadi ya picha, kile kipande kinachochora kila unachokiona kwenye skrini, ilikuwa ya tangu enzi za yule bwana. Gemu ilipopata toleo jipya, kadi ikaanza kukohoa. Misitu ikawa ukungu, magari ya mbele yakawa maboksi yanayotembea. Msusi alilalamika mara moja tu, na akalalamika mbele ya mtu ambaye huwezi kumlalamikia jambo akalala: Meneja.

Meneja alikuwa meneja wa bohari la matangi ya maji. Mtu wa yeye kumsimamia hapo bohari alikuwa mlinzi peke yake, na mlinzi mwenyewe alikuwa na bosi mwingine. Lakini jina lilikuwa limeshamkaa, na yeye alikuwa amelikalia. Alikuwa akimtaka Msusi, na tuseme ukweli, Msusi naye hakuwa mbali. Meneja akisema anakuja saa kumi, saa kumi yuko mlangoni. Alijua kuchekesha. Kwa mwanamke aliyewahi kumngoja mume mpaka chakula kikaota ukungu, mtu anayefika alipoahidi si wa kutupa. Kilichobaki ni jibu la posa. Kaka mkubwa wa Msusi alishasema Jumapili anakuja na mkewe kulisikia, na hatanyanyuka kwenye kiti bila hilo jibu.

Meneja akaichagua Jumapili hiyohiyo kuleta kadi mpya.

"Siwezi kuingia nyumba," alisema, "ambayo mashine yake bado inapumua kwa pafu la mwanaume mwingine."

Msusi alicheka. Baadaye, akiwa peke yake, akawaza: kumbe mtu mzima huyu anakionea wivu kipande cha bati. Ilikuwa dharau ndogo tu iliyompitia, ndogo kama chawa mmoja. Ila msusi yeyote atakwambia chawa hatembei peke yake.

Jumapili nyumba ilijaa. Kaka alikuwa kwenye kochi, miguu ameitanua kama mwenye kochi. Wifi, yaani mkewe, alikaa pembeni na mkoba mapajani, tayari kushangilia. Na kwenye kigoda, kati ya magoti ya Msusi, alikaa Ticha, mwalimu wa chekechea, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nyingine imesimama kama imeona jini. Ticha aliambiwa aje kesho, akasema hapana, posa ikijibiwa yeye hayupo atajisikia vibaya.

Meneja alivua koti, akakunja mikono ya shati, akaishika bisibisi juu hewani ili kila mtu aione.

"Shemeji, nishikie hii," alimwambia Kaka, akimpa parafujo moja kama anamkabidhi kifaranga.

"Nimeshika, shemeji. Wewe piga kazi."

Shemeji tayari, na jibu lenyewe halijatoka! Msusi aliukaza msuko kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Aaa, dada, ngozi hiyo," Ticha akalia.

"Mwanaume anayejua kushika bisibisi," alisema Wifi, akimtazama mumewe, "siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi."

Kaka akakohoa.

Meneja aliichomoa kadi ya zamani, akaininginiza kwa vidole viwili kama panya aliyeshikwa mkia. "Hiki ndicho alichokuachia? Hiki ni cha kuzuia mlango usipigwe na upepo!"

Wakacheka wote. Kaka ndiye aliyecheka zaidi, Kaka yuleyule aliyemsifia huyo bwana wa kwanza mpaka siku alipoondoka na jiko.

"Kiweke mezani taratibu," Msusi alisema.

Kadi mpya ilitoka kwenye boksi lake, ndefu, nyeusi, ina mafeni kama ndege ya vita. Hata Msusi alisimamisha vidole. Karatasi ya maelekezo Meneja alimpa Wifi ajipepee. Akaichomeka kadi, na hapo alifanya vizuri, ikaingia ikalia *tak*. Akaiunganisha na umeme wake, vizuri pia. Kisha akauchukua waya wa skrini, akapapasa nyuma ya boksi huku akisimulia jinsi alivyowahi kumfufulia mkurugenzi fulani kompyuta iliyokwisha kuzikwa, akauchomeka kwenye tundu la kwanza lililoukubali.

Tundu hilo lilikuwa la juu, la bodi ya kompyuta yenyewe. Matundu ya kadi mpya yalikuwa chini, bado yana vizibo vyake vya plastiki. Ni sawa na mtu anunue ng'ombe wa maziwa, amfunge zizini, amtilie majani, kisha achukue ndoo akamkamue mbuzi. Msusi aliona kila kitu kutoka alipokaa. Ataona mwenyewe, alijiambia.

Meneja akabonyeza. Boksi likawaka taa ndani, nyekundu, buluu, kijani, zikikimbizana kwenye mafeni.

"Mamaaa!" Ticha akainuka, Msusi akamkalisha kwa nywele.

"Bado hamjaona," alisema Meneja. Akafungua gemu, akashika usukani. Lori likaondoka kwa kushtukashtuka: lipo getini, halipo, lipo katikati ya barabara. Miti ilikuja kwa mafungu. Daraja lilijitokeza lori likiwa limeshafika katikati yake. Ilikuwa mbaya kuliko jana, mbaya kuliko siku yoyote ya kile kilichoitwa kizuizi cha mlango.

"Mnaona ulaini huo?" Meneja aliuliza.

Wageni walitazamana. Kisha Kaka, ambaye akivaa miwani hasomi hata kibao cha duka, akasema, "Siagi, shemeji. Siagi tupu."

"Mpaka naogopa," Wifi akadakia. "Kama niko ndani ya lori!"

"Linaruka kidogo," alisema Ticha.

"Barabara ina mashimo hapo," Meneja alimwambia. "Kadi nzuri inakuonyesha mpaka mashimo."

"Aaa, kweli! Nayaona!"

Msusi aliwatazama mmoja mmoja. Watu wazima watatu, wenye meno yao na akili zao, walikuwa wakiona mashimo yasiyokuwepo kwa sababu mwenye shati zuri amewaambia yapo. Ukimwekea Kaka sahani tupu ukamwambia ni pilau ya wakubwa, atanawa mikono. Hao ndio waliokuja kumchagulia mume.

Hata hivyo aliinuka. Meneja alikuwa ameanza kutoka jasho shingoni, na shingo ile Msusi alikuwa ameizoea. Akamletea maji, na alipoinama kumpa glasi akamnong'oneza, "Waya wa skrini uko juu. Uhamishie chini, kwenye kadi."

Meneja aligeuka. Kwa kitambo kifupi uso wake ulikuwa mtupu, hauna umeneja hata chembe, uso wa mtu aliyeshikwa na amejua ameshikwa. Msusi akampenda hapo. Alimpenda kweli, pengine kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja. Laiti angebaki na uso huo hata kwa muda wa kunywa ile glasi ya maji, jibu lingekuwa limepatikana.

"Kuna kitu nataka kukikaza huku nyuma," Meneja alitangaza, akapotelea nyuma ya boksi. Skrini ikawa nyeusi. Ikarudi.

Nyumba nzima ikavuta pumzi. Mvua ilikuwa ikinyesha kwenye ile barabara, na kila tone liliteleza peke yake kwenye kioo cha lori. Lami ilimetameta. Mbali, upande wa kushoto, kulikuwa na kilima. Msusi alikuwa ameipita njia ile miezi yote hiyo asijue kama pana kilima, na juu yake kibanda chenye dirisha linalowaka. Alisogea hadi karibu na skrini, kitana mkononi, mdomo wazi kama mtoto.

"Sasa hapo!" alisema Kaka. "Maana pale mwanzo ilikuwa inarukaruka, mimi niliona, nikanyamaza tu."

"Hata mimi," alisema Wifi.

Meneja alitoka nyuma ya boksi, akajifuta mikono, na umeneja ulikuwa umemrudia wote na ziada.

"Mnajua ilikuwa nini? Waya. Mtu wa nyumba hii aliuchomeka pasipo pake." Akamkonyeza Msusi mbele ya wote. "Si kosa lake. Wanawake na waya wapi na wapi! Ndiyo maana nasema, mashine kama hii inahitaji mwanaume ndani ya nyumba."

Kaka alicheka mpaka akajipiga goti. "Dada yangu, umesikia? Unaharibu, mwenzio anarekebisha. Sasa wewe sema ndiyo hapa tukanywe chai."

Msusi hakucheka. Aliweka kitana juu ya meza.

"Kaka," alisema, "ulikuwa umekaa hapo hapo. Nani aliyechomeka ule waya?"

"Ah, mambo ya nyaya mimi yananipita."

"Wifi?"

"Mimi nilikuwa naangalia taa, wifi yangu. Wallahi zile taa!"

"Ticha?"

Ticha aliangalia huku, akaangalia kule, akaigusa ile nusu ya kichwa iliyobaki. "Jamani, mimi kichwa changu kiko mikononi mwake, siwezi kudanganya. Ni yeye, Meneja. Nimemwona kwa macho yangu mawili."

"Huu sasa ni utoto," Meneja alisema, akicheka peke yake.

"Ni utoto," Msusi alikubali. "Basi sema 'nilikosea', yaishe. Neno moja tu. Ukilisema, mimi nawapa hawa jibu wanalolitaka, sasa hivi, na chai juu."

Hata Kaka alielewa kwamba mlango umeachwa wazi, wazi mpaka nje panaonekana. Alimtolea Meneja macho: sema, mjinga wewe, sema. Meneja alimtazama Kaka, akamtazama Wifi na mkoba wake. Ungeweza kuona neno likimpanda kooni, likafika kwenye meno, likageuka.

"Mwanaume hakosei mbele ya shemeji zake," alisema, na akatabasamu, akidhani amechekesha.

"Basi hawa si shemeji zako," alisema Msusi. "Jibu ni hapana."

Wifi akaacha kujipepea. Kaka alianza, "Sasa dada, dada, ngoja..." lakini Meneja alikuwa ameshavimba. Alisema hajawahi kudhalilishwa hivyo. Alisema wanaomtaka ni wengi, wamepanga foleni. Kisha akasema, na hapo hata Kaka aliangalia chini, kwamba kama ni hivyo anaondoka na kitu chake. Mkono wake ukaingia ndani ya boksi, taa zikiwa bado zinakimbizana.

"Toa mkono!" Msusi alimkemea. "Ngoja nizime kwanza. Utaiunguza."

Akakaa kwenye kiti chake. Kabla ya kuzima alilipeleka lori hadi mwisho wa mvua, taratibu, hana haraka na mtu, akakipita kile kilima na kile kibanda, akaegesha pembeni ya barabara. Mchumba wa zamani wa dakika tano alisimama nyuma yake na bisibisi kama aliyetumwa. Ndipo akazima.

Meneja alichomoa kadi yake. Boksi lake halikuonekana, maana Kaka alikuwa amelikalia na hakuwa katika hali ya kuinuka, na hakuna aliyethubutu kumwomba. Msusi akampa mfuko mtupu wa nywele bandia, wenye picha ya mwanamke anayecheka. Meneja alitoka nao, akipita katikati ya mtaa uliokuwa umeshasogea mlangoni kusikiliza.

"Umemfukuza mtu kwa ajili ya waya," alisema Kaka.

"Mwenyewe ulisema mambo ya nyaya yanakupita. Yaache yapite."

Aliirudisha kadi ya zamani kwa mikono yake, Ticha akimmulikia kwa simu. Akauchomeka waya chini, akawasha. Lori lilikuwa pembeni ya barabara lilipoachwa. Nyuma yake palikuwa na ukungu tu, mwanzo hadi mwisho. Msusi aliutazama kwa muda mrefu kidogo.

"Lakini wifi," alisema Wifi kwa sauti ya chini, "zile taa zilikuwa nzuri."

"Zilikuwa nzuri sana," Msusi alisema, na alimaanisha. Akamwinamisha Ticha kichwa, akatenga fungu la nywele, akaanza mstari mwingine.